Kiti cha Kiroboto

Fundi cherehani yule alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye ulimi wa kuchoma, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Sindano. Jina likamkaa hata mumewe akaacha kumwita kwa lile la kwao. Alikuwa na chumba chake cha kushonea kando ya barabara: vyerehani viwili, kioo kirefu cha wateja, na nje, chini ya dirisha, gari lake. Hilo gari ndilo lililoleta maneno yote haya.

Lilikuwa gari dogo la zamani, jekundu lililopauka mgongoni, milango mitatu ukihesabu na ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Ukilitazama ungesema ni la kumpeleka bibi hospitali. Kumbe waliolitengeneza walilitia injini kubwa kuliko umbo lake, na ukilikanyaga vizuri lilikuwa linaruka. Watoto wakaliita Kiroboto. Sindano alilinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa, na kila mwanamume aliyekuja na maneno ya posa alipandishwa humo kwanza, akazungushwa mjini. Wawili waliomba kushuka njiani na hawakuonekana tena. Wa tatu alishika dashibodi kwa mikono miwili, akafumba macho, akafika salama, na huyo ndiye aliyekuja kuwa mume.

Mume mwenyewe alikuwa mrefu kupita kiasi. Suruali za dukani zilimwishia juu ya kifundo cha mguu, kwa hiyo mkewe alimshonea zote, mwaka hadi mwaka, huku akilalamika kwamba anakula kitambaa cha watu wawili. Alifanya kazi ofisi ya bima, na kazi ile ilikuwa imemwingia mwilini. Akiona ngazi, anaona mtu ameanguka. Akiona jiko, anaona nyumba imeungua. Lakini alikuwa mpole, hodari wa kulea, hajawahi kuinua mkono wala sauti. Sindano alimpenda pamoja na woga wake.

Basi Kiroboto akazeeka. Kutu ikamla milango na mabawa ya juu ya magurudumu, wakaguzi wa magari wakamkataa, na wanunuzi wa chuma chakavu wakaanza kupita dirishani wakimtazama kama mafisi. Ndipo kaka yake Sindano alipokuja na wazo. Huyu kaka alikuwa na gereji nyuma ya soko. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemlea mdogo wake, ndiye aliyempeleka shule mgongoni njia ikijaa maji, ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Kama kuna mtu Sindano alimwamini kuliko futi yake mwenyewe, ni huyu.

Kaka alimweleza kwamba kutu ile iko kwenye nguo tu, mifupa ya gari ni mizima na injini bado ina hasira. Nje ya mji kulikuwa na uwanja wa mbio za magari, na Jumamosi moja moja wenyewe waliufungua kwa yeyote mwenye gari lililokaguliwa likakubaliwa. Hapakuwa na kombe, wala wa kwanza wala wa mwisho. Unavaa helmeti, unaingia, unazunguka mpaka matairi yanuke, unatoka. Gari kama Kiroboto, ukilivua kila kisichohitajika na kulitia breki za maana, lingewatoa jasho wenye magari ya fahari, tena kwa vipande vya kuokoteza. Barabarani amekufa, kaka akasema, uwanjani atafufuka.

Sindano alikuwa amewahi kwenda kule mara moja, akasimama kwenye uzio, na viganja vikamwasha hadi akarudi nyumbani. Tangu siku ile hakutaka kitu kingine. Miaka yote alimwendesha Kiroboto nyuma ya malori na juu ya matuta, mguu nusu kwenye pedali, kama mtu aliyepewa chakula akaambiwa anuse. Hakuwahi kujua gari lake linaweza nini. Hilo lilimuuma, na alisema wazi kwamba linamuuma.

"Lichukue," akamwambia kaka yake. "Lakini siku ya kwanza kuingia uwanjani, anayeendesha ni mimi. Si wewe, si mwingine. Mimi."

Kaka akaapa kwa kaburi la mama yao. Mume alikuwapo pale pale, akikunja nguo za watoto, na akaitikia kwamba ni haki yake.

Kazi ikaanza. Kila Jumapili Sindano alivaa ovaroli aliyojishonea, akaenda gereji. Waling'oa viti vya nyuma, mazulia, vitambaa vya dari, hita, vipaza sauti. Redio aliing'oa mwenyewe, akisema kelele atakazozitaka ni za injini tu. Chini ya zulia kulikuwa na ile ngozi nyeusi ya lami ya kuzuia makelele, nayo waliibandua kwa patasi na hewa ya moto mpaka kucha zikawa kama za mchimba makaa. Kila kilichotoka walikipeleka kwa jirani muuza nafaka, wakakiweka kwenye mizani ya magunia, na kila mshale wa mizani uliposogea ndugu wawili wale walishangilia kama watoto. Muuza nafaka akauliza wanauza gari kwa kilo? Wakacheka hadi wakakaa chini.

Vingi waliomba na vingine waliokota. Breki za mbele zilitoka kwenye gari lililopinduka, la ukoo mmoja na Kiroboto ila kubwa zaidi. Matairi laini yalitoka kwa wenye magari ya fahari, ambao huyatupa yakiwa bado na maisha. Pedi na mafuta ya breki tu ndivyo walivyonunua vipya, kwa sababu kaka alikuwa na msemo wake kwamba kwenye breki hatuokotezi. Yeye mwenyewe alikata mabomba ya chuma, akayakunja, akayachomelea yakawa kizimba cha kumlinda dereva gari likibiringika. Sindano alishona mito ya kuvika mabomba yale, na koti la ngozi la kuvika mti wa gia. Alipoombwa arekebishe mkanda wa dereva alikataa katakata, akasema mkanda wa kushikilia roho ya mtu haushonwi mtaani.

Kisha kikaja kiti. Hapa lazima nieleze, maana hapa ndipo penyewe. Kiti cha gari la kawaida kimekaa juu ya reli. Mwenye miguu mirefu anakisukuma nyuma, mwenye mifupi anakivuta mbele. Kwenye gari la uwanjani la watu wasio na kitu, reli zinaondolewa. Zina uzito, zinainua kiti, na zile za bei rahisi zinaweza kukatika siku ya ajali. Kiti, chenyewe kigumu kama beseni, kinafungwa moja kwa moja sakafuni, kwa bolti nne zinazopita kwenye mabamba ya chuma yaliyochomelewa. Kikishafungwa, hakisogei. Gari linakuwa nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja, na mwingine akilivaa atalia.

Nani angelielewa jambo hilo kuliko fundi cherehani? Alikaa kwenye kile kiti juu ya matofali, akakanyaga klachi hadi mwisho, goti likabaki limejikunja kidogo, kifundo cha mkono kikalala juu ya usukani. Kaka akapiga magoti akazungushia chaki. Jumapili iliyofuata mabamba yalikuwa yameshachomelewa mahali pa chaki, na Sindano alikaa kwenye kiti kilichofungwa kwa mara ya kwanza. Aliushika usukani tu, akatazama ukuta wa gereji kwa muda mrefu, na kaka yake akamwacha.

Baadaye ikaja kazi ya sare za shule, mlima wa sare, na Sindano akakosa Jumapili kadhaa. Kaka alimwambia asijisumbue, kimebaki kupaka rangi na kukaza bolti. Ajabu, mume ndiye aliyeanza kwenda gereji. Akitoka kazini anapitia huko, anarudi na vumbi la grenda ya kukatia chuma kwenye viatu, na mezani anauliza tofauti ya tairi laini na gumu. Maskini Sindano alifurahi. Alimwambia hadi jirani yake kwamba mwoga wake ameanza kupenda magari, na kwamba siku ya kwanza atamsimamisha uzioni ashike saa. Aliongeza kwamba ndoa ni subira.

Ijumaa, siku moja kabla ya uwanja, alimaliza sare ya mwisho, akafunga chumba mchana, akachukua helmeti yake na kwenda gereji bila kupiga simu. Kiroboto alikuwa katikati ya sakafu, mwekundu upya, amekaa chini kama paka anayevizia. Sindano aliziba mdomo kwa mkono. Kaka alikuwa chini ya gari jingine. Aliposikia sauti yake alitoka haraka mno, akaanza kumwambia rangi haijakauka, aje kesho, asije akachafuka. Sindano alikuwa ameshafungua mlango.

Akajipenyeza kati ya mabomba, akaketi. Akanyoosha mguu atafute klachi, na mguu ukakuta hewa.

Akajivuta mbele, ncha ya kiatu ikagusa pedali, mgongo ukaachana na kiti. Akarudi nyuma, na alichokiona mbele yake ni dashibodi na kipande cha mbingu. Kiti kilikuwa kimekwenda nyuma shubiri nzima, tena kimeshushwa. Kwanza alidhani ni bolti zimewekwa vibaya. Akainama, akapapasa sakafu kwa vidole. Mabamba yalikuwa mapya. Mbele yake, chini ya rangi, vidole vyake vikakuta makovu mawili ya grenda, pale mabamba yake yalipokuwa yamekatwa, yakazibwa na kusuguliwa ili yasionekane.

Futi ilikuwa shingoni, kama ilivyo shingoni kwa kila fundi anayetoka kazini kwa haraka. Akapima kutoka kiunoni mwa kiti hadi pedali. Akapima tena. Namba ile aliijua. Alikuwa akiikata kila mwaka kwenye kitambaa, huku akilalamika kwamba ni cha watu wawili.

Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa amekishonea na nguo zenyewe.

Alibaki ameketi. Kaka yake alikuwa amesimama akifuta mikono kwa kitambaa, anafuta na kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Shemeji aliniomba," akasema mwishowe. "Nilishindwa kumkatalia."

"Na mimi uliweza kunikatalia?"

Kaka akaanza kueleza kwamba shemeji alikuja akiwa na wasiwasi wa kweli, akamwuliza dada yako akivunjika shingo utawaambia nini watoto wake, na yeye kama mlezi aliona neno lile ni zito. Eti wangemwekea mto mgongoni, naye azunguke polepole mara moja au mbili mwishoni, baada ya gari kujaribiwa. Mto! Yaani mtu aliyekataa mbele yake kushona mkanda kwa sababu ya roho ya mtu, leo aambiwe aegemee mto unaobonyea, na ukibonyea kwenye breki mguu unaiacha pedali. Kilichomuuma Sindano zaidi hakikuwa kiti. Ni yale makovu yaliyosuguliwa. Mtu anayetenda jambo kwa nia njema haliwekei rangi juu.

Mume alifika kutoka ofisini kama ilivyokuwa desturi yake mpya, ana mfuko mkononi. Alimwona mkewe ndani ya kiti, akasimama mlangoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vya kuendeshea, soli nyembamba, vipya, virefu kama mitumbwi. Hakuwahi kuwa hodari wa kuficha vitu, na kama mkewe asingekuwa na furaha wiki zile angekwisha kumgundua zamani.

Akaanza na maneno ya bima. Kwamba uwanja ni hatari, kwamba yeye angelijaribu gari kwanza kwa ajili yake, kwamba mama wa watoto si wa kubahatisha. Alizungumza kwa upole, kama kawaida, na upole ule ndio uliomchefua Sindano kuliko kelele.

"Wewe unayeogopa ngazi," akamwambia. "Hebu niambie. Ofisini kwenu uliwaambia nani anaendesha?"

Mume akatazama viatu.

"Nakuuliza. Uliwaambia nani?"

Ikatoka kidogo kidogo, kama uzi kwenye mshono mbovu. Aliwaonyesha wenzake picha za gari, wakalisifu, wakamuuliza litaendeshwa na nani. Alipotaka kusema ni la mke wangu, mmoja akatangulia kucheka kwamba bila shaka yeye atakuwa anashika taulo. Basi ikamtoka kwamba anaendesha mwenyewe. Wakampongeza. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumpongeza kwa ushujaa, na ilikuwa tamu. Kesho wanakuja kutazama, na bosi wake pia.

Hapo angalau alikuwa amesema kweli, na pengine ndiyo sababu machozi yalimlenga. Akageuka kwa shemeji yake, akasema basi, tumekosa, kirudishwe kiti mahali pake leo hii, yeye ataenda kuwaambia wenzake wamcheke wakimaliza.

Kaka hakusogea. Akainamisha kichwa.

"Hakirudi," akasema. "Sakafu ni nyembamba, ina kutu kwa chini, na pale pameshachomwa mara mbili. Nikipachoma mara ya tatu patakuwa kama karatasi. Siku ya ajali kiti kitang'oka na yeye ndani. Na siwezi kubadilisha sakafu bila kukata kizimba chote." Akagusa sakafu ya gari kwa ncha ya kiatu. "Siwezi kumweka mdogo wangu pale."

Sindano alielewa kabla kaka hajamaliza. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Hakuna aliyepaswa kumfundisha hilo. Alikuwa na gari lake, limesimama, zuri kuliko lilivyowahi kuwa, na hapakuwa tena na njia duniani ya yeye kuliendesha.

Alitoka kati ya mabomba taratibu, akiangalia asikwaruze rangi. Akasimama mbele ya mumewe na kumtazama juu, maana ndivyo alivyomtazama siku zote.

"Basi kesho endesha," akasema. "Endesha vizuri. Na ukirudi, usiniambie lilivyokwenda."

Nawaambieni ukweli: alisema hivyo akitegemea jambo moja. Alitegemea kwamba mwenye haya hataenda. Usiku kucha alilala upande wake akiwaza kwamba asubuhi atamkuta jikoni na nguo za kushindia, amewapigia wenzake simu, amebeba aibu yake mwenyewe. Alikuwa ameshatayarisha hata namna ya kumsamehe. Si leo, lakini angemsamehe.

Asubuhi alisikia zipu ya mfuko. Akasikia viatu vipya vikipita barazani kwa kunyata, na geti likifunguliwa polepole ili asiamke.

Alikwenda.

Siku ile Sindano alishona. Wateja walioingia walisema alikuwa mkimya, na walidhani anaumwa jino. Mchana alipasua kola aliyoikosea, akaishona upya, akaikosea tena.

Mume alirudi jua likiwa bado juu ya paa. Alinuka mpira ulioungua na mafuta ya breki. Alinawa, akaketi mezani na watoto, na kwa kuwa aliambiwa asiseme, hakusema. Lakini uso haukuweza kutii. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona kitu. Mara mbili alitabasamu peke yake kisha akajikaza. Sindano aliutazama uso ule na moyo ukamuuma hadi akashika meza, kwa sababu ile furaha aliijua. Alikuwa ameingoja tangu siku aliposimama uzioni.

Watoto wakaondoka. Sahani zikabaki.

"Ile kona ndefu," Sindano akasema ghafla, macho yakiwa kwenye sahani. "Ukiachia pedali katikati. Nyuma ilitulia?"

Mume akainua kichwa. Mwanzoni alijibu kwa tahadhari, kwamba ilitulia, ilitulia kabisa. Kisha akaongeza kwamba ukikanyaga tena linavuta kama limeshikwa pua. Kisha maneno yakamfunguka: breki ambazo hazichoki, sauti ndani ya bati tupu, gari la fahari alilolipita kwenye mteremko, bosi wake akirukaruka kwenye uzio. Mikono ikageuka usukani, miguu ikakanyaga pedali chini ya meza. Alikuwa hodari wa kueleza, na hata mkewe hakulijua hilo. Mume alidhani amesamehewa.

Sindano hakumkatiza. Alimuuliza la gia ya tatu, akamuuliza matairi yalianza kuteleza lini, na kila jibu alilipokea kwa makini. Lilikuwa gari lake, na hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuliendesha. Alimwacha aseme yote, mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka akaishiwa.

Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mto wake na shuka, akapita mbele yake kwenda chumba cha watoto. Ndiko anakolala mpaka leo.